Bei ya Kuelea

Kwa miaka miwili nilikuwa mweka hazina wa klabu ya bahari ya shule yetu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikujua kuogelea. Wala sikuwa peke yangu. Wanachama tulikuwa 31. Siku mwalimu mlezi wa klabu alipouliza nani anajua kuogelea, mikono tisa ilipanda, yote ya wavulana. Aliposema, "Nina maana kwenye maji yanayokupita kimo," miwili ikashuka.

Shule yetu ni ya kutwa, iko Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Mtu wa bara akisikia Likoni hudhani sote tulizaliwa na mapezi. Ukweli ni kwamba bahari tunaivuka, hatuiingii. Ukitaka kwenda mjini unapanda feri, masafa ya nusu kilomita hivi, na mwenda kwa miguu halipi kitu. Unasimama kati ya watu na mikokoteni, unashika mkoba wako, unashuka upande wa pili. Mabwawa ya kuogelea yako hotelini, na hotelini kuna mlinzi getini. Wavulana walijifunza kwa siri, kwa kujirusha kutoka mawe ya pwani, wakarudi nyumbani na chumvi usoni na wakachapwa. Sisi wasichana hata hiyo nafasi ya kuchapwa hatukuipata.

Klabu ilikutana kila Jumamosi asubuhi. Mwalimu wetu, wa jiografia, alikuwa amepata nahodha mmoja mzee aliyestaafu, ambaye sote tulimwita Babu. Babu alitufundisha mafundo ya kamba hadi vidole vikatuuma. Alitufundisha kwamba chombo kikiingia bandarini, boya jekundu hukaa kushoto kwake na la kijani kulia, na kwamba meli zinazoingia Kilindini hufuata sheria hiyo hiyo hata kama nahodha wake ametoka Uchina na hajui neno moja la Kiswahili. Alitufundisha kuhesabu maji: yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana. Katikati ya hapo ni maji mafu. Tulipanda mikoko pia, tukajifunza kutenganisha mkoko na mchu na mkandaa, na tukarudi nyumbani na matope magotini.

Lakini chomboni hatukuingia. Wavuvi jirani walitukubalia kutumia ngalawa yao bure, na shule ikasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna mwanafunzi atakayegusa maji bila jaketi la kuokolea maisha na bila mtu aliyehitimu kazi ya uokoaji. Basi tukawa tunasafiri mchangani. Maji yakipwa, ngalawa inakaa kwenye mchanga, sisi tunapanda wanne wanne. Babu anasimama nje, mikono nyuma, anapiga kelele: "Upepo umegeuka! Legeza demani!" Nasi tunalegeza demani. "Mwamba mbele!" Mshika usukani anasukuma usukani ambao hausogezi kitu. Watoto wa mtaani walikuwa wakija kutucheka, na walikuwa na sababu.

Mwanzoni mwa 2019, nikiwa Kidato cha Tatu, tuliketi tukapiga hesabu. Majaketi 24 kwa shilingi 2,500 kila moja, 60,000. Mwalimu wa kuogelea kwa Jumamosi kumi, 3,000 kwa siku, 30,000. Kamba na sanduku la huduma ya kwanza, 8,000. Jumla 98,000. Niliandika tarakimu hiyo ubaoni, na darasa zima likanyamaza. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Tuendelee tu na mchanga."

Tulianza na barua. Tuliandika 14, kwa Kiingereza kilichonyooshwa na mwalimu, tukapeleka kwa makampuni yanayoishi kwa bahari: ya meli, ya mizigo, ya watalii. Majibu yalikuwa matatu. Moja lilitutakia kila la heri. La pili lilileta kofia 40 zenye nembo ya kampuni, pamoja na kijana mwenye kamera aliyetupanga kwa urefu mbele ya ngalawa. Tulivaa, tukatabasamu, akaenda zake. La tatu lilileta hundi ya shilingi 10,000 bila maneno mengi wala kamera. Niliiandika kwa kalamu nyekundu.

Tuliokota chupa za plastiki ufukweni, tukaziuza kwa kilo. Ukitaka kujua plastiki ni nyepesi kiasi gani, ikusanye kwa ajili ya kuiuza. Mwaka mzima wa kuinama ulituletea 4,200.

Kilichotubeba ni mahamri ya mama yangu. Kila Ijumaa aliamka saa tisa usiku, akakanda unga kwa tui na iliki, na kufikia alfajiri mahamri 100 yalikuwa kwenye beseni, yamefunikwa kitambaa. Tuliyauza wakati wa mapumziko, shilingi kumi moja. Unga, sukari, nazi na mafuta vilikula 400, na 600 zikabaki za klabu. Ijumaa 30, shilingi 18,000. Nilipomwambia tumlipe angalau pesa za makaa, alinitazama kama niliyemtusi.

Mama huyo huyo ndiye aliyekataa kutia saini fomu yangu ya idhini.

Nilikuwa nimeijua sababu tangu utotoni, ila haikuwa imewahi kusemwa mezani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka mita chache kutoka ufukweni. Watu 272 walikufa. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa akienda kazini. Mimi sikumkuta. Ninamjua kwa picha moja iliyofifia na kwa jinsi mama anavyoshuka kwenye feri hadi leo, wa kwanza, bila kugeuka nyuma.

"Mama, ndiyo maana nataka kujifunza," nilimwambia.

"Mjomba wako alikuwa akijua kuogelea," akasema. "Alikuwa akienda na kurudi hapa kama samaki. Sasa niambie, kulimfaa nini?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa sina. Feri ikipinduka na watu mia kadhaa, anayejua kuogelea huvutwa na asiyejua. Hilo Babu aliwahi kutuambia mwenyewe. Mama hakuwa mjinga wa bahari. Aliifahamu kuliko mlezi wa klabu na fomu zake. Akaendelea kukanda unga kila Ijumaa kwa ajili ya majaketi ya watoto wa wenzake, na fomu yangu ikakaa juu ya kabati, chini ya chupa ya mafuta ya nazi.

Kilele cha mchango kilikuwa harambee ya shule, Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba. Tulikuwa tumechapisha kadi za mchango, kila mwanachama ana yake, anazunguka nayo mtaani akiandikisha majina: huyu 50, yule 100, mwenye duka 200, imamu 500, mchungaji 500. Wengine walituma kwa M-Pesa. Kadi peke yake zilifika 27,350.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 29 Septemba. Gari liliteleza kutoka feri katikati ya kivuko cha Likoni na kuzama, ndani yake mama na binti yake mdogo. Nchi nzima iliona ile video. Sisi hatukuhitaji video. Feri ile iliitwa MV Harambee, na kwa wiki mbili sikuweza kuandika neno hilo daftarini mwangu. Kadi zetu zilikuwa nalo kwa herufi kubwa.

Wazazi watatu waliwaondoa watoto wao klabuni siku iliyofuata. Mwalimu aliahirisha shughuli. Siku baada ya siku watu walijaa pande zote mbili za kivuko, wakitazama mashua za wapiga mbizi. Wengine walikuja na viti. Mama alikuwa akipitia hapo jioni akitoka sokoni. Alikuwa hasimami kivukoni kamwe, lakini siku hizo alisimama. Gari lilipoopolewa tarehe 11 Oktoba, pamoja na miili ya wale wawili, alirudi nyumbani amechelewa, akaweka kikapu chini, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hao wapiga mbizi walijifunzia wapi?"

Nikamwambia sijui vizuri, labda jeshini.

"Na kabla ya jeshi?"

"Labda utotoni, Mama. Kama mjomba."

Akanyamaza muda mrefu. "Miaka 25 nasema maji yalimchukua kaka yangu," akasema. "Kumbe kuna watu kazi yao ni kuingia mle na kutoka, na kumrudishia mtu maiti wake azike." Kisha akaingia jikoni. Hakutaja fomu, nami sikuitaja.

Harambee tuliifanya tarehe 19. Sikutarajia mtu, lakini uwanja ulijaa. Nadhani watu walikuwa wamechoka kutazama maji bila la kufanya. Wavuvi walikuja na noti zilizonuka samaki. Mama mmoja wa mtaa wa pili hakuwa na pesa, akaleta kuku. Kuku akapigwa mnada: mwenye hadiwea akamnunua kwa 1,200, akamrudisha mezani, mwalimu mkuu akamnunua kwa 1,500, akamrudisha, akanunuliwa mara ya tatu na kundi la waendesha bodaboda waliochangiana 2,300. Kuku mmoja, shilingi 5,000. Jioni nilihesabu mara tatu mbele ya mashahidi: 39,900. Ukijumlisha na vyote vya nyuma, 99,450. Tulikuwa tumepita lengo kwa 1,450.

Kesho yake fomu haikuwa juu ya kabati. Ilikuwa ndani ya daftari langu la hesabu, imetiwa saini. Pembeni mama alikuwa ameandika sharti: "Na mimi nitakuwepo."

Tulianza Jumamosi ya tarehe 18 Januari 2020, kaskazi ikivuma na bahari imetulia. Mwalimu wa kuogelea alikuwa mwanamke mwenye cheti cha uokoaji, na hilo liliwalainisha wazazi wengi. Hapo ndipo hesabu za Babu zilipopata kazi. Maji yakichelewa dakika 50 kwa siku, wiki moja ni karibu saa sita, kwa hiyo Jumamosi hii maji yamejaa asubuhi, Jumamosi ijayo saa ile ile yamekupwa unaona mwani. Ratiba ya masomo niliipanga mimi, kwa penseli, na haikukosea.

Wasichana tuliingia na suruali ndefu na mashati ya mikono mirefu. Somo la kwanza halikuwa kuogelea bali kuelea. Unalala chali, masikio ndani ya maji, mwalimu ameshika kisogo chako kwa vidole viwili, kisha anaviondoa bila kukuambia. Nilizama mara nne. Mara ya tano nikasikia pumzi yangu tu, na juu yangu mbingu tupu. Nilipoinuka, kitu cha kwanza nilichotafuta ni leso ya mama pale mchangani. Alikuwa amesimama, maji yamempata vifundoni, viatu mkononi. Sijui alikuwa ameanza kutembea kuja kwangu tangu lini.

Tulimaliza masomo manane. Ijumaa ya tarehe 13 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Kenya, na Jumapili ikaja amri ya kufunga shule. Masomo mawili yalibaki. Hazinani zilibaki 6,000 zake, pamoja na ile ziada ya 1,450. Nilizikabidhi kwa mweka hazina aliyenifuata, pamoja na risiti zote na majaketi 24, kabla ya kufanya mtihani wangu wa Kidato cha Nne.

Watu hupenda harambee yetu nikiwasimulia, hasa kuku. Nami napenda kuisimulia. Lakini niliyeshika daftari ni mimi, na kuna hesabu moja ambayo hakuna aliyeniuliza. Gawanya 98,000 kwa wanachama 31. Ni shilingi 3,161 na senti kidogo kwa mtoto mmoja. Kwa bei hiyo, msichana wa Likoni anapata jaketi la kushirikiana na wenzake, mwalimu, na Jumamosi za kutosha ajue kulala chali juu ya maji bila kuogopa. Shule yetu iliipata kwa sababu mwanamke mmoja aliamka saa tisa usiku mara 30, na kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umetoka kutazama mazishi majini. Shule ya jirani haikuwa na huyo mwanamke.

Kila nikivuka feri jioni, nawaona wanafunzi wamejazana kando ya ukuta wa chuma, sare za rangi tofauti, wanacheka, wanasukumana. Huwa najikuta nawahesabu. Kisha nazidisha kwa 3,161.