Kitengo Chaenda Tarangire

Aendaye mbugani huaga kwa kitenzi kimoja tu: anakwenda kuona wanyama. Hakuna anayeaga kwamba anakwenda kuwanusa, au kuwasikia, au kuihisi ardhi ikitikisika chini yao. Magari ya watalii hufunguliwa paa kwa ajili ya macho, darubini huchukuliwa kwa ajili ya macho, na siku ikimalizika bila ya simba kuonekana, watu hurudi wakilalamika ya kwamba hawakupata kitu. Basi yafaa kuuliza: mtoto asiyeona, au asiyesikia, au yule ambaye macho na masikio anayo lakini ulimwengu humwingilia wote kwa pamoja bila ya kubisha hodi, yeye huenda huko kufanya nini?

Swali hilo liliulizwa kwa dhati katika mji wa Babati. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji umekaa chini ya Mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye jina la mji wenyewe, na katika ziwa hilo viboko ni majirani wa zamani: usiku hupanda nchi kavu kula majani, na asubuhi nyayo zao huonekana katika tope la ukingoni. Sokoni, Mgorowa, Mwiraqw, Mbarbaig na Mrangi hukutana kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Ukishika barabara ya Arusha, ukapita mashamba ya mpunga ya Magugu na kisha Minjingu kunakochimbwa fosfeti, hutimizi saa mbili kabla ya kulifikia lango la Tarangire.

Hifadhi hiyo ya taifa ilitangazwa mwaka 1970, na ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 2,850. Wakati wa kiangazi, vijito vinapokauka kote, mto wake hubaki na maji na kuwaita ndovu kwa mamia. Wageni huvuka bahari kuja kuwatazama. Mtoto wa Babati aliyezaliwa jirani nao aweza kukua hajafika; na mtoto wa kitengo aweza kukua hata sokoni hajafika.

Kitengo ni neno la shule za msingi za Tanzania. Ni chumba kimoja au viwili ndani ya shule ya kawaida, walimosomea watoto wenye mahitaji maalumu: wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, wasioona, viziwi. Kabla ya istilahi hizi, Kiswahili kiliwaweka wengi wao katika ngeli ya ki-vi: kipofu, kiziwi, kiwete. Wako wasemao ngeli hiyo ni ya vitu, kwa hiyo ni tusi; wako wanaojibu kwamba kijana na kiongozi nao wamo humo, pamoja na kifaru na kiboko, ambao hakuna awezaye kuwadharau. Ubishi huo una haki yake, lakini neno jipya peke yake halimtoi mtoto ndani. Zipo nyumba ambazo mgeni akibisha hodi, mtoto huingizwa chumba cha nyuma. Na amwingizaye ni mama ampendaye, anayemkinga na macho ya watu.

Mwalimu wa kitengo kimoja cha mjini humo, mzaliwa wa Pangani aliyepelekwa bara na ajira, alitaka watoto wake kumi na wawili waende Tarangire siku moja ya Septemba. Fedha zilipatikana kwa michango midogo midogo. Ridhaa za wazazi ndizo zilizomhangaisha. Baba mmoja alimwuliza kwa upole, "Mwalimu, huyu haoni. Unampeleka kutazama nini?" Mama mwingine hakuwa na swali, alitaka tu kuhakikishiwa ya kwamba gari litaondoka alfajiri, kabla ya majirani kuamka. Mwalimu akamwahidi saa kumi na mbili. Siku ilipofika, gari lilichelewa hadi saa mbili, na mtaa mzima ukatoka kushuhudia watoto wakipandishwa. Mama yule alisimama mlangoni na kanga yake mdomoni. Hakurudi ndani.

Maandalizi ya safari ya namna hii ni mambo madogo yasiyoandikwa popote. Sweta za shule zilikuwa za buluu, nayo Tarangire ina mbung'o, na mbung'o huvutwa na buluu na weusi. Ikabidi watoto wavalishwe nguo za rangi ya udongo. Ngazi ya gari la watalii imetengenezwa kwa goti linalokunjika. Mvulana wa miaka kumi na mitatu, ambaye miguu yake haimtii, alipandishwa mgongoni mwa dereva. Umri huo mtu hapendi kubebwa mbele ya wenzake. "Utanibeba hivi kila tukisimama?" aliuliza. Dereva akamjibu, "Hapana, mdogo wangu. Leo ndovu ndio watakaokufuata wewe."

Pahali pa kupumzikia, ambapo wageni huruhusiwa kushuka, palikuwa na mbuyu. Ndovu wa Tarangire, kiu inapowazidi, huichimba mibuyu kwa pembe na kutafuna nyama yake iliyoshika maji, na mbuyu huishi na makovu hayo miaka na miaka. Msichana asiyeona alipelekwa hadi shinani. Akapapasa gome, laini mahali na mahali limekunjamana, hata mkono wake ukaingia katika shimo. Akauliza ni nani aliyetoboa, akaambiwa. Akanyanyua mkono kuutafuta ukingo wa juu wa jeraha, asiufikie. Akaomba ainuliwe, na bado hakuufikia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ni mkubwa." Waliokuwa na macho walikuwa wamekwisha kuupiga picha mbuyu ule na kuupa kisogo. Ni yeye peke yake aliyempima ndovu kwa jeraha lake.

Alasiri kundi la ndovu lilivuka mbele ya gari, majike na watoto wao, bila ya mlio wowote. Dereva alizima injini, akaeleza kwa sauti ya chini jambo ambalo wataalamu wamelijua kwa miongo kadhaa tu. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani, Katy Payne, alipokuwa karibu na ndovu katika bustani ya wanyama ya Portland, alihisi hewa ikitetema pasipo na sauti. Vinasa sauti vikathibitisha baadaye kwamba ndovu husemezana kwa sauti nzito mno, iliyo chini ya upeo wa sikio la binadamu, na uchunguzi huo ukaendelezwa kwa ndovu wa Amboseli, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Mitetemo mingine hupita ardhini, na ndovu huweza kuipokea kwa nyayo.

Mwalimu alikuwa akimfasiria mvulana kiziwi kwa lugha ya alama. Alipofika hapo, mvulana alimkatiza. Alimwonyesha dereva, akaligusa sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa kuuliza: naye hasikii? Mwalimu akajibu kwamba hasikii. Na wewe? Hata mimi. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, na kwa kila mmoja jibu likawa lile lile. Garini hapakuwa na anayesikia. Mvulana akaegemea kiti, akacheka kicheko kikubwa kisichokuwa na kipimo, kama wachekavyo wasiojisikia sauti zao. Na ndovu jike la mbele likageuka, likatandaza masikio. Dereva alishika ufunguo. Kwa muda wa pumzi chache hakuna aliyejua mambo yangeishia wapi. Kisha jike likashusha masikio na kuendelea na njia yake.

Haikuwa siku ya miujiza. Mtoto mwenye usonji hakumtazama ndovu hata mmoja. Tangu asubuhi alivuma wimbo wake wa noti mbili, na abiria wa gari jingine waliguna, kwani kimya ni adabu ya mbugani. Saa nzima alifuata kwa kidole vumbi lililojichora kiooni, likibadilika umbo kila gari lilipotikisika. Yafaa asihesabiwe kuwa ndiye aliyekosa kitu. Vumbi lile nalo lilikuwa la Tarangire.

Sheria haina upungufu wa maneno juu ya watoto hawa. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini sheria haishushi ngazi ya gari. Msomaji wa visiwani aliyewahi kufika Jozani anaikumbuka njia ya mbao iliyotandazwa juu ya tope la mikoko, ili mgeni apite bila ya kuchafua viatu. Aliyeweza kumjengea njia asiyependa tope aweza pia kumjengea asiyeweza kupanda. Kinachotakiwa si hazina kubwa: ni ngazi fupi, mwongozaji ajuaye alama chache, mahali pa kugusa fuvu na pembe, na subira ya nusu saa mbele ya mti mmoja.

Gari lilirudi Babati giza limeingia. Mama wa kanga alikuwa barabarani, si mlangoni, na majirani wawili walikuwa naye. Mmoja wao ndiye aliyempokea mtoto.

Naye baba yule aliyeuliza swali alistahili jibu, na jibu limo ndani ya lugha aliyoulizia. Kiswahili hakijapata kuyaachia macho peke yao kazi ya kuona. Mswahili huona njaa, huona baridi, huona uchungu, huona haya na huona fahari, na katika hayo yote hakuna hata moja liingialo kwa jicho. Watu wa pwani ndio wa kwanza kulijua hili, kwani tenzi zao zilikaa masikioni mwa wengi ambao hawakupata kuishika karatasi, na hakuna aliyesema kuwa hawakuzipata. Binti yake alikwenda Tarangire kuona ndovu, na alimwona.