Siku tatu Dar bila watoto

Mama Nuru alimkabidhi mama yake karatasi yenye mistari 18. Uji saa mbili asubuhi. Maziwa kwenye kikombe, si kwenye chupa. Homa ikipanda apelekwe zahanati, asisubiriwe mpaka kesho. Bibi, aliyelea watoto saba kule Magu, aliikunja karatasi bila kuisoma, akaifunga kwenye pindo la khanga na kusema, "Nendeni, mtachelewa ndege."

Tuwaite hivyo tu, Baba Nuru na Mama Nuru. Yeye ni muuguzi katika hospitali moja jijini Mwanza, mumewe anafundisha fizikia sekondari. Nuru ana miaka mitano, mdogo wake ana miezi 14. Kwa zaidi ya mwaka maisha yao yalikuwa hivi: mke anaingia kutoka zamu ya usiku, mume anatoka kwenda shule, mtoto anabadilishwa mikono mlangoni. Siku moja mke akamwambia, nusu utani, "Baba Nuru, sisi siku hizi hatuishi pamoja. Tunakabidhiana zamu."

Mume hakujibu. Lakini Juni shule zilipofungwa, na zamu ya mke kupokea mchezo ilipofika, alisema jokofu lisubiri. Waende Dar es Salaam usiku tatu, wao wawili, kwa ndege.

Ndugu walicheka. Kwa familia nyingi likizo ni kwenda kijijini kwenye harusi au msiba na kurudi umechoka kuliko ulivyoondoka. Lakini hesabu ya ndege ilikuwa na maana yake. Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, basi linakula siku nzima na sehemu ya usiku. Ndege inachukua kama saa moja na nusu. Kwa mama anayenyonyesha, tofauti hiyo ni kubwa.

Ndege ilichelewa saa mbili. Baba Nuru, ambaye hakuwahi kupanda, alivua mkanda wa suruali kwenye ukaguzi akasahau kuuvaa, akatembea hadi kwenye kiti ameshikilia suruali. Ilipopinda juu ya ziwa na mawe ya Mwanza yakabaki madogo kama kokoto, alimshika mkewe mkono. Huko juu mfuko wa karanga ulikuwa umevimba kama puto, naye akasahau hofu, akaanza kufundisha: hewa ndani ya ndege ni nyepesi, ni kama mtu amesimama kwenye mlima wa mita 2,000 hivi, ndiyo maana ya kuvimba. Alipomaliza maji alifunga kizibo vizuri, na walipotua chupa ilikuwa imebonyea yenyewe. Aliiweka kwenye begi kwa ajili ya kidato cha pili.

Kilichomshinda ni masikio. Wakati wa kushuka yalimuuma hadi machozi. Mkewe alimpa jojo. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na koo, na kutafuna, kumeza au kupiga miayo huufungua ili presha ilingane. Wenye watoto wachanga huambiwa wawanyonyeshe ndege inaposhuka kwa sababu hiyo hiyo. Mama Nuru alisema hilo kwa sauti, kisha akanyamaza, akatazama dirishani.

Dar iliwapokea na joto lake, ingawa Juni ni kipupwe na wenyeji walikuwa wanasema kuna baridi. Walifikia nyumba ya wageni karibu na Shekilango. Usiku wa kwanza, ambao Baba Nuru alikuwa ameupangia mengi, walikula chipsi mayai, wakajilaza "dakika kumi tu", wakaamka saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja za usingizi. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Siku ya pili walipanda Mwendokasi hadi Kivukoni. Wakaenda Feri kuangalia samaki, Mama Nuru akashangaa pweza na kusema hakuna cha kumshinda sato. Wakavuka kwa panton hadi Kigamboni na kurudi, bila sababu. Makumbusho ya Taifa waliyapitia haraka, maana kufikia saa saba mchana mama alikuwa hawezi tena kunyanyua mkono.

Maziwa yalikuwa yamejaa. Alikuwa amekamua asubuhi, lakini kidogo, kwa haraka. Sasa matiti yalikuwa magumu kama mawe na blauzi imelowa. Alirudi chumbani, akaweka taulo la maji ya uvuguvugu, akayakanda taratibu, akakamua kwenye sinki. Mama anayeachana na mtoto kwa siku chache hatakiwi kuacha kukamua: akamue kwa saa zile zile ambazo mtoto hunyonya, la sivyo maziwa hupungua, na titi lililojaa linaweza kuvimba na kuleta homa. Likionekana jekundu, lina joto na mwili unatetemeka, ni la kupelekwa hospitali. Yote hayo anayajua, anayafundisha. Lakini alipoona maziwa yakizunguka kwenye tundu la sinki alilia kama mtoto.

Akapiga simu nyumbani. Mdogo alikuwa amekataa kikombe asubuhi, kisha akanywa uji bakuli zima na kulala. Bibi hakuona habari hapo. Mama Nuru akasema wabadilishe tiketi, warudi kesho. Mume akasema tiketi zile za bei ya chini hazibadilishwi. "Kumbe umeshaangalia?" mke akauliza. Alikuwa ameangalia kabla hawajaondoka Mwanza, akijua ombi hilo litakuja. Wakanuniana hadi jioni.

Waliyazungumza Coco Beach, mbele ya sahani ya muhogo wa kukaanga na pilipili. Mke ndiye aliyeanza. Miezi 14 mume analala sebuleni, kisingizio mtoto atabanwa. Kama ana mtu mwingine, aseme.

Baba Nuru alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nikikugusa naliona lile benchi."

Usiku mdogo wake Nuru alipozaliwa, damu ilikataa kukatika. Baba Nuru alikuwa nje ya wodi ameshika khanga na chupa ya chai. Muuguzi alitoka anakimbia, akarudi na chupa mbili za damu, mlango ukafungwa. Hakuna aliyemwambia neno. Sheria ya kazi inampa baba siku tatu za likizo mkewe anapojifungua, naye mbili alizimaliza kwenye benchi lile. Tangu hapo aliamini mimba nyingine itamwachia watoto wasio na mama. Suluhisho lake lilikuwa kwenda kulala kwenye kochi.

"Mimi nikadhani nimekuchosha," mke alisema.

Halafu, kwa kuwa ni muuguzi, akamweleza. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni kati ya sababu kuu za vifo vya wazazi duniani, hofu yake si ya kijinga. Aliyewahi kutokwa hivyo yuko kwenye hatari zaidi ya kurudiwa, hivyo anapaswa kulisema tangu hudhurio la kwanza la kliniki na kujifungulia palipo na damu na chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Na mimba haizuiwi na kochi. Kuna kitanzi, kuna vipandikizi, vyote anaweza kutumia mama anayenyonyesha mtoto wa umri huo. Wengi hutegemea kunyonyesha kwenyewe, lakini kinga hiyo ni ya miezi sita ya kwanza tu, mtoto akinyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi ikiwa haijarudi.

"Na wewe unatumia nini?" Baba Nuru akauliza.

"Nitumie ya nini, na wewe uko sebuleni?"

Muuza muhogo aligeuka kuona wanacheka nini.

Kesho yake hawakwenda kokote. Mama alikamua kila saa tatu au nne, mume akisimama mlangoni na taulo.

Mwanza, mdogo alimtazama mama yake kwa kumshangaa, akajificha kwenye shingo ya bibi. Ilipita robo saa kabla hajanyoosha mikono, na titi akalidaka kama hajawahi kuliacha. Usiku ule kitanda chake kidogo, ambacho tangu kinunuliwe kilikuwa cha kurundikia nguo zisizokunjwa, kilipata mtu.

Jumatatu Mama Nuru alichukua namba kliniki kama wengine, akakaa kwenye benchi pamoja na mumewe. Walipoitwa, Baba Nuru aliuliza maswali hadi foleni ya nje ikaanza kunung'unika.