Picha ya Mama Iliyokatika Kidevuni

Watanzania wa Washington na viunga vyake vibarua tunaviita kubeba boksi. Mimi niliyabeba kwelikweli, usiku kucha, katika ghala moja upande wa Maryland, ilhali Tanga nilikuwa mwalimu wa hesabu. Mchana nilisomea uandishi wa programu. Langley Park tulilala chumba kimoja watu watatu, na ada yangu ya muhula ule ilitoka kwenye pesa ya matibabu ya mama, kwa idhini yake mwenyewe. Nikifeli, nimekula dawa zake.

Zoezi lenyewe lilikuwa dogo: tuma picha kwa soketi, yaani ncha ya muunganisho kati ya programu mbili. Nikachagua ya mama, amekaa kibarazani. Mtumaji na mpokeaji wakiwa ndani ya kompyuta yangu ileile, kwenye anwani 127.0.0.1, picha ilifika nzima kila mara. Nikaenda na mwenzangu maktaba ya Martin Luther King, karibu na Gallery Place, tukajaribu kwa kompyuta mbili. Mama akafika mpaka kidevuni. Chini yake kijivu kitupu. Nikarudia. Safari hii ukaja ushungi peke yake.

Siku kumi niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nililaumu mtandao, nikalaumu kompyuta yangu ya mtumba. Jioni moja nililia ndani ya treni ya Red Line, na zamu ya ghalani ilikuwa inaningoja.

Kaka mmoja wa Mombasa, aliyenitangulia masomoni, akaisoma programu yangu kimya, kisha akasema: "Dada, umepokea mara moja ukaondoka. Haya ni maji ya bomba, hayaji kwa boksi. Kinga mpaka ndoo ijae."

Mtoto wa Tanga nimepanga foleni bombani tangu utotoni, nilielewa palepale. TCP, itifaki iliyobeba picha yangu, ambayo Vint Cerf na Bob Kahn waliieleza kwa maandishi mwaka 1974, hutiririsha baiti kwa mpangilio, lakini haijui ujumbe wako unaanzia wapi wala unaishia wapi. Ukiomba baiti 65,536, hicho ni kikomo cha juu tu. Utapewa zilizokwisha kufika, pengine 1460, mzigo wa pakiti moja ya Etheneti ya 1500 ukitoa 40 za vichwa. Zilizobaki ziko njiani. Lazima uombe tena, na tena.

Nikaweka kitanzi cha kuomba tena na tena. Kikaganda! Picha ilikwisha, lakini mtumaji hakufunga muunganisho, nami nikawa nangoja tone lisilokuja. Ndipo nikamfanya atangulize baiti nne za kutaja ukubwa wa picha, na mpokeaji ahesabu mpaka zitimie. Hata hizo nne nilizikusanya kwa kitanzi, maana nazo huweza kukatika. Na nikipokea baiti sifuri, mtumaji amefunga: natoka. Kabla sijaliweka sharti hilo, kitanzi kilizunguka bure mpaka kompyuta ikachemka.

Tulijaribu mara ishirini. Mara zote ishirini mama alikuja mzima, na kanga yake, na kibaraza, mpaka kandambili.

Nilimpigia nikiwa kituo cha basi Silver Spring, saa tatu usiku, baridi kali. Tanga ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, anajiandaa kuswali. Nikamwambia, "Mama, umefika."

"Nimefika wapi, mwanangu?"

Nikashindwa kumjibu kwa kilio, naye akaanza kuniombea dua.