Kuchagua amplifaya ya sinema ya nyumbani: wati za kwenye boksi na wati za kweli

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ilinizidi. Leo naweka kando habari za msimbo na hifadhidata, niongelee swali ambalo marafiki huniuliza kila wanapofika kwangu hapa Kapsoya: mtu akitaka kujenga sinema ya nyumbani, anunue amplifaya gani?

Kwanza tuelewane maneno. Amplifaya ya nguvu ina kazi moja tu: hupokea mawimbi dhaifu ya sauti na kuyapa nguvu ya kusukuma spika. Risiva ni amplifaya iliyoongezewa ubongo. Inachagua chanzo cha sauti, inaigawa kwenye chaneli tano pamoja na sabwufa (ndiyo ile 5.1), na ndani yake mna amplifaya ya kila chaneli. Zile "wufa" zilizojaa madukani mjini Eldoret nazo zina amplifaya, ila imefichwa ndani ya kasha la sabwufa.

Sisi waandishi wa programu tumefundishwa kuanza na mahitaji kabla ya kugusa kibodi. Mahitaji yangu yalikuwa mtu mmoja: Mzee wangu.

Baba alifanya kazi karibu na misumeno ya mbao kwa zaidi ya miaka ishirini, bila cha kuziba masikio. Alipohamia kwangu tulikuwa tukitazama televisheni pamoja jioni, na kila baada ya dakika mbili ananiuliza, "Amesema nini huyo?" Baadaye akaacha kuuliza. Akawa anaaga mapema, eti amechoka. Nilipombana anieleze, akasema: "Sauti naisikia, kijana wangu. Maneno ndiyo siyapati."

Katika kazi yangu nimepokea ripoti nyingi za hitilafu, na chache zimekuwa na uwazi kama huo. Kelele za kazini huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba, hasa karibu na hertzi 4,000. Konsonanti kama s, f, t na k hutegemea sana sauti hizo za juu, ilhali irabu ziko chini. Kwa hiyo mtu husikia kwamba kuna anayeongea, lakini "pata" na "paka" kwake ni neno moja. Ukiongeza sauti, unaongeza besi, muziki na milio ya magari pamoja na maneno. Kelele inakua, maana inabaki pale pale.

Bajeti yangu ilikuwa Sh35,000. Swali likawa: fedha hizo zinunue nini?

Dukani jibu ni jepesi. Unaonyeshwa boksi kubwa lililoandikwa wati 12,000 PMPO, na muuzaji anakuhakikishia kwamba hii itatikisa ploti nzima. Tufanye hesabu kidogo. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Wati 12,000 ukigawa kwa 240 unapata ampea 50. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani wati 3,120 basi. Kwa maneno mengine, hiyo wufa inadai kuwa na nguvu kuliko shawa ya umeme ya papo kwa papo, na waya wake ni mwembamba kama wa chaja ya laptopu!

Geuza chombo, soma lebo ya nyuma. Mara nyingi utakuta kitu kama wati 60. Sitaki kuwaonea watengenezaji: kwa kawaida lebo hiyo hupimwa amplifaya ikitoa takriban moja ya nane ya nguvu yake, kwa sababu muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote. Haya, zidisha kwa nane uwe mkarimu. Ni wati 480. Hizo 12,000 zimetoka wapi? PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila mtu anajiandikia. Marekani waliuona mchezo huu mapema: mwaka 1974 Tume yao ya Biashara (FTC) iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya, na ikaifanyia marekebisho mwaka 2024. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, ikitajwa pamoja na omu za spika.

Sasa unahitaji wati ngapi za kweli? Tafuta kwenye karatasi ya spika yako namba ya wepesi wake, kwa mfano desibeli 87 kwa wati moja ukiwa mita moja. Sebule yangu naketi mita tatu kutoka kwenye spika. Kwa umbali huo, hata tukipuuza mwangwi wa kuta unaosaidia, wati moja inabaki na desibeli 77 na nusu hivi. Mazungumzo ya filamu kwa desibeli 70, ambayo ni sauti ya kutosha kabisa, yanahitaji chini ya robo ya wati. Robo! Mlipuko wa ghafla wa desibeli 90 unahitaji karibu wati 18. Ukitaka kupanda desibeli 3 zaidi ni lazima uongeze wati maradufu, kuwa 36. Ndiyo maana kati ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 100 tofauti ni ndogo sana sikioni, lakini mfukoni utaisikia.

Akiba kidogo ya nguvu ni muhimu, hilo sikatai. Amplifaya ikiishiwa pumzi hukata vilele vya mawimbi, sauti inakwaruza, na twita huungua. Lakini wati 50 za RMS kwa chaneli zinatosha sebule nyingi za Kapsoya, na majirani watakushukuru. Kumbuka kuna kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele, na kwenye nyumba za kupanga tunatumia ukuta mmoja. Besi haijui ukuta.

Jambo la pili watu hulisahau: tunaishi juu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Vifaa vingi vya umeme hutengenezwa kwa matumizi ya hadi mita 2,000, na vingine vina alama ya mlima nyuma yenye namba hiyo. Huku hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, kwa hiyo inabeba joto kidogo zaidi. Baridi yetu inasaidia, lakini usiifungie amplifaya kabatini. Acha nafasi ya kiganja kizima juu yake. Na tafadhali, mama watoto akileta kile kitambaa kizuri cha kushona kwa mkono, kiende kwenye meza. Kisifunike matundu ya hewa.

Tatu ni umeme wenyewe. Nunua TV guard nzuri, na ngurumo za mchana wakati wa masika zikianza, chomoa plagi na waya wa antena. Swichi pekee haizuii radi.

Nilinunua nini basi? Risiva kuukuu ya chaneli tano, ile tunayoita ex-UK, yenye wati 60 za RMS. Za Uingereza hutumia volti 230, hapa hazina shida. Jihadhari na zilizotengenezwa kwa soko la Marekani (volti 120) au Japani (volti 100): ukichomeka moja kwa moja umemaliza hadithi. Bei ya kuukuu ilikuwa nafuu kwa sababu haina HDMI ARC, teknolojia iliyoanza mwaka 2009, lakini waya wa optiko kutoka kwenye televisheni unafanya kazi vizuri. Fedha iliyobaki niliitia kwenye spika moja nzuri ya katikati. Sabwufa bado sina.

Kwa nini ya katikati? Kwa sababu kwenye sauti ya 5.1 maneno mengi ya waigizaji hupitia chaneli hiyo. Kwa vituo vya kawaida vyenye sauti ya chaneli mbili, risiva ina Pro Logic II, ambayo huyatoa maneno hayo na kuyapeleka katikati. Nimeiweka spika usawa wa masikio ya Mzee, nikapandisha chaneli ya katikati kwa desibeli 4, nikashusha besi, na kuwasha hali ya usiku inayopunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko.

Sitawadanganya kwamba masikio yake yamepona. Filamu yenye muziki mzito bado inampita, na daktari ametueleza wazi kwamba anahitaji vifaa vya kusikia. Hivyo tunaviwekea akiba, na hakuna amplifaya itakayochukua nafasi yake. Lakini taarifa ya habari ya saa moja anaipata, na ameanza tena kubishana na wanasiasa kwa sauti ya juu kuliko ya televisheni.

Ukienda dukani, uliza haya:

1. Ni wati ngapi za RMS, kwa chaneli ngapi zikipiga pamoja? Wengi hupima mbili tu kati ya tano.
2. Inakubali spika za omu ngapi? Spika za omu 4 kwenye amplifaya ya omu 8 huipasha joto.
3. Lebo ya nyuma inasema volti ngapi?
4. Je, naweza kupandisha chaneli ya katikati peke yake?
5. Naweza kuisikia ikicheza mtu akiongea, si muziki pekee?

Swali la tano wauzaji hawalipendi, lakini liulize tu. Na kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye siku hizi analala mapema, nenda naye dukani akae mbele ya spika, akuambie anasikia maneno gani.

Ni hayo kwa leo. Wiki ijayo turudi kwenye msimbo.