Heshima ya Mzee ni Kazi Yake

Mama yangu mzee akaa nami hapa Misima. Alipoanza kusahau majina yetu, nalimwondolea ungo na ukili wake, nikidhani ndiyo heshima. Kumbe nalikosa. Alikaa kimya mchana kutwa, wala hakuuliza tena habari za wajukuu.

Iko elimu ya kumtibu mtu kwa kumrudishia kazi zake za kila siku. Hufundishwa Moshi, katika KCMC. Nami nikasoma habari za Wilaya ya Hai, jirani ya Moshi. Wataalamu walikusanya wazee 34 wenye maradhi ya kusahau, wakawagawa makundi manne, kila kundi likaanza kwa zamu yake. Njia yao, ya mazungumzo na michezo, ilitungwa Uingereza. Lakini waliigeuza ipatane na wazee wa huku, hata wasiojua kusoma. Kila kundi lilikutana mara 14, wakapimwa kabla na baada. Taarifa ilipigwa chapa mwaka 2017: akili zilipata nafuu, na wasiwasi ukapungua.

Basi nikajifunza ya kuwa wema usiopimwa waweza kudhuru. Nalimrudishia mama mahindi ya kupukuchua, na kila jioni nikaandika aliyoyasema. Siku ya tisa akasema, "Mwanangu, mahindi haya yana fukusi." Nikatazama, ni kweli.

Jina langu hajalikumbuka bado. Twaamriwa kuwaheshimu wazazi. Sasa najua kwamba kumkalisha mzee bure si heshima.