Nishani Isiyo Yangu

Sikuwahi kukanyaga Afghanistan. Kikosi changu cha jeshi la akiba la Marekani kiliitwa kazini mwaka 2010, mimi nikapelekwa Ujerumani kusimamia ghala la vifaa vya hospitali, na huko nikakaa hadi tuliporudishwa mwaka 2011. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi hati yangu ya kumaliza utumishi ilisema nilihudumu Bagram, kambi ya huko Afghanistan, na kila nilipovaa sare ya heshima, utepe wa Nishani ya Kampeni ya Afghanistan ulikuwa kifuani. Nilijua si wangu tangu siku ya kwanza. Nayasema haya sasa kwa sababu mwenye nishani yake yuko hai, anaumwa kifua, na kimya changu kilimponza.

Wasomaji wengi mna kijana au binti aliyejiunga na jeshi hilo, kwa hiyo nieleze kidogo. Askari wa akiba huenda mazoezini wikendi moja kwa mwezi na takribani wiki mbili kwa mwaka. Wikendi moja humpa pointi nne. Mwaka usiofikisha pointi 50 hauingii kwenye hesabu ya pensheni, na inatakiwa miaka 20 iliyotimia hivyo ndipo alipwe, kwa kawaida akifika umri wa miaka 60. Siku nyingine zote yeye ni dereva, muuguzi, mwalimu. Faili lake linapita mikono mingi: karani wa kikosi, makao ya utumishi kule Fort Knox, Kentucky, na ofisi ya kambi alikoitiwa. Asipolifuatilia mwenyewe, hakuna wa kumfuatilia.

Akiitwa kazini kwa siku 90 au zaidi, hupewa hati iitwayo DD 214. Mtu akiniuliza karatasi gani aiweke pamoja na pasipoti yake, nitamtajia hiyo. Mkopo wa nyumba, matibabu, upendeleo kwenye ajira za serikali, hata bendera ya kufunika jeneza, vyote huanzia hapo. Kisanduku cha 13 huorodhesha nishani. Kisanduku cha 18 hutaja, pamoja na mengine, nchi ulizotumikia na tarehe zake.

Kikosini tulikuwa Waswahili wawili, mimi wa Mombasa na dada mmoja wa Moshi, na kwenye orodha majina yetu yalifuatana. Miezi ya mwanzo tulikuwa wote Ujerumani. Kisha yeye, aliyekuwa msaidizi wa tabibu, akaambatanishwa na kikosi kingine Bagram. Aliporudi alikuwa na kikohozi na simulizi nyingi: ving'ora vya roketi usiku, majeruhi walioshushwa kwenye helikopta, na moshi wa mashimo ya kuchomea taka ambao, alisema, ulifika mpaka kwenye chai.

Wakati wa kuachiwa tulipangwa mstari mbele ya karani mmoja aliyekuwa na kazi kubwa kuliko saa zake. Alinisogezea karatasi akaniambia niisome vizuri, nikiridhika nitie saini. Niliisoma. Niliiona Afghanistan kwenye kisanduku cha 18, na tarehe nilizitambua, maana ndizo alizoondoka na kurudi yule dada. Mistari yetu miwili ilikuwa imebadilishana. Nilitia saini.

Kwa muda mrefu nilijidai ni kwa sababu ya basi la kuturudisha nyumbani. Aliyepinga karatasi yake alibaki kambini mpaka isahihishwe, na sote tulikuwa na hamu ya kwenda nyumbani. Hiyo ni nusu ya ukweli, tena nusu ndogo. Niliitamani ile nishani. Nilijua nikifika Mombasa hakuna atakayetaka kusikia habari za makasha ya glavu na chupa za dawa. Wataniuliza kama nilikuwa vitani.

Na kweli waliniuliza. Baba mdogo aliniketisha barazani na wazee wenzake, nami nikawasimulia king'ora, helikopta na moshi. Zile simulizi za yule dada nilizitoa kwa kinywa changu, neno kwa neno karibu. Nilizitoa tena shuleni kwa mwanangu, tarehe 11 Novemba, siku ambayo Wamarekani huwaenzi maveterani wao. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na watu walinipigia makofi njiani.

Dhamiri iliponisumbua nilitafuta pa kujificha, nikapapata kwenye sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 2013 inayomwadhibu anayedanganya kuhusu nishani fulani kwa lengo la kujipatia fedha, mali au faida nyingine. Imezitaja, zikiwemo Purple Heart na Silver Star. Nishani ya Kampeni ya Afghanistan haimo. Nami sikuwa nimeiombea kazi wala mkopo. Basi nikajihesabu msafi. Nishani yenyewe masharti yake ni wazi kama mchana: uwe umekaa nchini humo siku 30 mfululizo, au 60 zisizofuatana. Mimi sikukaa hata moja.

Mwezi wa Agosti 2022 ilipitishwa sheria iitwayo PACT. Kwayo, askari aliyetumikia Afghanistan tangu Septemba 11, 2001 huchukuliwa kuwa alivuta moshi wenye sumu, na akiugua magonjwa yaliyoorodheshwa, kama vile pumu iliyoanza baada ya utumishi au mkamba sugu, hahitaji tena kuthibitisha kwamba moshi ndio ulioyaleta. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba alikuwepo. Ujerumani haimo kwenye orodha ya nchi hizo, na karatasi ya yule dada ilitaja Ujerumani peke yake. Yeye alikuwa ametia saini bila kusoma, kama wengi siku ile. Alipodai matibabu kwa sheria hiyo, dai lake halikupita.

Akanipigia simu. "Kaka, hebu niangalizie karatasi yako imeandikwaje pale kwenye maelezo. Labda nitapata pa kuanzia." Nikamjibu nitaitafuta. Ilikuwa kwenye droo iliyo karibu na mkono wangu. Niliacha wiki kadhaa zipite, na hizo zinaniuma kuliko ile miaka yote, kwa sababu safari hii mtu aliniomba na nikamnyima.

Nilipompigia hatimaye nilimweleza kila kitu, pamoja na baraza la Mombasa. Alinyamaza, kisha akasema, "Nishani ungeniomba tu, kaka, ningekupa. Karatasi je?" Akakata simu.

DD 214 ikishatolewa, kosa la namna hii kwa kawaida halifutwi juu yake. Hutolewa nyongeza iitwayo DD 215, ambayo huambatana nayo daima. Niliiandikia ofisi ya kumbukumbu Fort Knox nikiomba nishani iondolewe pamoja na mstari wa Bagram, nikaambatisha amri zangu za uhamisho na hati za mshahara. Hati hizo ndizo shahidi mkubwa. Aliyekuwa Afghanistan alilipwa malipo ya hatari, dola 225 kwa mwezi, na aliyekuwa Ujerumani hakulipwa. Zangu hazina senti hiyo, na mtu yeyote angeweza kuligundua hilo miaka yote kama angelinganisha karatasi mbili.

Upande wake, nilimwandikia hati ya kiapo, nikatoa na nakala ya DD 214 yangu ili tarehe zake zionekane zilipopotelea. Hati za mshahara wake wa miezi ile nazo ziliombwa. Ofisi ikikataa, ipo Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, inayoombwa kwa fomu ya DD 149. Sheria inampa mtu miaka mitatu tangu agundue kosa, lakini Bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki, kwa hiyo asiwepo wa kukwambia umechelewa kabla hujaomba. Wanaoamua ni raia. Kabla ya mwaka 1946, aliyetaka kurekebishiwa jambo kama hili mara nyingi ilibidi atafute mbunge wa kumpelekea muswada wake peke yake, na Bunge la Marekani likachoka, ndipo likaruhusu bodi za namna hii.

Hakuna aliyeniadhibu. Nilishatoka jeshini, na barua niliyojibiwa haikuwa na hata neno moja la lawama. Baba mdogo nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, na tangu hapo hanitaji mbele ya wazee.

Nyongeza yangu imeshafika, na kisanduku cha 13 kimebaki na Nishani ya Utumishi wa Vita Dhidi ya Ugaidi, ambayo ndiyo stahili ya mtu wa ghala Ujerumani. Ya yule dada ilifika baada ya yangu, ikiwa na Bagram na tarehe zake. Dai lake la matibabu limefunguliwa upya, na hadi naandika haya halijaamuliwa.