Trei ya Mayai

Jamaa mmoja anayesoma miswada aliniambia riwaya yangu ina umbo lakini haina uhai. Nisikufiche, msomaji, iliniuma. Sura saba nimeziandika kwa mkono, halafu eti hazina uhai! Hivi uhai unapimwaje?

Wiki ile nilikimbilia maktaba kujisomea habari za mawe, ili mradi nisiuone mswada. Kumbe huko nako ugomvi ni ule ule. Katika eneo la Pilbara, magharibi mwa Australia, kuna miamba yenye umri wa miaka bilioni 3.43 iitwayo Strelley Pool. Mingine ina vinundu vilivyojipanga kama trei ya mayai. Inasemekana mafundi wake ni vijidudu vya bahari ya kina kifupi. Vilitanda chini kama utando wenye ute, ute ukanasa chembechembe, chokaa ikaganda, navyo vikapanda juu kufuata mwanga, vikatanda tena. Tabaka juu ya tabaka. Kule Shark Bay vipo vinavyojenga hivyo hadi leo, na kwa mwaka mzima havifikishi hata milimita moja. Nami nalalamikia kurasa mbili kwa wiki!

Ila mwaka 1996 John Grotzinger na Daniel Rothman walionyesha kwa hesabu kwamba umbo la namna hiyo laweza kujitokeza bila kiumbe chochote. Umbo tu si ushahidi. Yale yale ya yule jamaa.

Mwaka 2006 Abigail Allwood na wenzake wakaja na hoja nyingine. Waliifuata miamba ya Strelley Pool kilometa kwa kilometa, wakakuta maumbo ya aina saba, yakibadilika kadiri bahari ile ya kale ilivyobadilika. Mwaka 2018 mama huyo huyo alikagua vipembetatu vya Greenland, vilivyotangazwa kuwa vya kale zaidi. Ndani hakukuta tabaka. Akasema ni mwamba uliominywa tu. Si mchezo!

Nikarudi kwa Bi Chiku wangu, shujaa wa riwaya. Sokoni anaongea vile vile anavyoongea kitandani kwa mgonjwa, na msibani vile vile kama kwenye daladala. Mahali panabadilika, yeye habadiliki. Sura ya tatu nimeichana. Jana usiku nimemrudisha msibani, nikamketisha mkekani na wenzake. Mpaka koroboi inazimika, alikuwa hajasema neno.